Wazee Tu

Mzee Filimbi hakumpenda kinyozi siku ya kwanza. Binti yake alipomleta nyumbani na kusema huyu ndiye, mzee alimtazama kuanzia viatu hadi utosini, akauliza, "Kazi?"

"Kunyoa, baba."

Mzee akanyamaza kama abiria aliyeambiwa treni imeghairiwa. Yeye alikuwa amefanya kazi stesheni maisha yake yote. Ndiye aliyepuliza filimbi na kupeperusha bendera ya kijani ndipo mabehewa yakaondoka, na jina la Filimbi lilimganda hata baada ya kustaafu na kurudisha sare. Mtu aliyezoea kuondosha treni nzima kwa pumzi yake hakuona kwamba kunyoa ni kazi. Lakini alikuwa na masharubu, tena si masharubu ya mchezo: mazito, meupe, yamesokotwa ncha zake zikatazama juu. Na hakuwa amepata fundi wa kuyapatia.

"Basi ninyoe," akasema. "Tuone."

Kijana akamnyoa palepale kibarazani, mama mtu akichungulia dirishani. Mkono haukumtetemeka. Katikati ya kazi mzee akasinzia, wembe uko shingoni, akaanza kukoroma. Alipozinduka alijitazama kwenye kioo, akageuza uso upande huu na upande ule, kisha akamwita mkewe: "Mama, huyu hatoki tena hapa."

Tangu hapo Jumamosi jioni ikawa ya mzee. Kinyozi alifunga duka mapema, akabeba mkoba wake wa mikasi, akaenda kwa wakwe. Walikaa kibarazani wakitaniana kama watoto wa shule, mzee akidai kwamba mkwe wake anamnyoa vizuri kwa sababu anamwogopa, mkwe naye akidai kwamba mzee ana kichwa kigumu mpaka mashine inalia.

Ugonjwa ulipoingia, mzee alikuwa ametoka hospitali si muda mrefu. Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza, ikamwacha na kifua kama mlango mbovu, kinafunguka kwa kelele na kufungika kwa shida. Sukari pia alikuwa nayo. Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita mtaani na kipaza sauti chake, likisema saluni zote zifungwe, mikusanyiko ni marufuku, na wazee na wenye maradhi ya siku nyingi wabaki ndani wasitembelewe, mke wa kinyozi alisimama mlangoni akasikiliza mpaka gari likakunja kona. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umesikia. Kuanzia leo nyumba yetu na nyumba ya baba ni nchi mbili, na mpaka umefungwa."

Mke huyo alikuwa mwoka mikate. Tanuri halikufungwa kwa sababu watu lazima wale, basi kila alfajiri alitoka na barakoa yake, na kila alasiri, akirudi, alipitia kwa wazazi wake. Alitundika kikapu kwenye geti, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya njia, akaita. Mama yake alitoka, akachukua kikapu, wakasalimiana kwa kupaza sauti. Mzee alipunga mkono dirishani. Mara nyingine mwoka mikate alifika nyumbani kwake akiwa na macho mekundu, akasema ni moshi wa tanuri.

Mtaani kila mtu alikuwa na sheria yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wapo waliofunga hata madirisha. Wapo waliovaa barakoa kidevuni kama wamepambwa nayo. Mwenye duka alichora mistari ya chokaa chini, wateja wakasimama juu ya mistari na kugombana kuhusu nani amesogea. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiwafokea watoto kutoka ghorofani kwa sababu ya kucheza pamoja, na watoto walimjibu kwa wimbo.

Kinyozi hakuwa na ubishi na sheria, tatizo lake lilikuwa mikono. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa saluni: viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, na kabati la chupa za spiriti na makopo ya poda. Sasa mlango wa barabarani ulikuwa na kufuli. Alifagia sakafu isiyo na nywele. Alinoa mikasi ambayo haikuwa butu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akajizungusha taratibu, akitazama mtaa kupitia tundu la pazia. Mkewe alipata ujira, chakula kilikuwepo, lakini mwanamume aliyezoea kuongea na vichwa vya watu siku nzima alianza kuongea na mswaki.

Ndipo Redio alipogonga mlango wa uani.

Redio alikuwa fundi simu wa kibanda cha jirani. Jina alilipata kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Aliishi na mama yake, ambaye ndiye aliyemrithisha mdomo huo, na watu walisema nyumba yao ni stesheni mbili zinazotangaza kwa wakati mmoja.

"Nifungulie bwana," alisema. "Natisha. Jana nimemtengenezea mtoto simu, akaniamkia 'shikamoo bibi.'"

Kinyozi alicheka, na kucheka kwenyewe kulimponza. Akafungua. Baada ya Redio akaja mwingine, rafiki yake, kisha wa tatu. Walipita uani saa ambazo mwoka mikate yuko kazini, wakakaa, pazia limeshushwa, mashine inanong'ona. Saluni ikarudi kuwa saluni.

"Wanatufungia bure," Redio alikuwa akisema, shingo ameinamisha. "Ugonjwa wenyewe unachukua nani? Wazee tu. Wazee na wagonjwa tu. Sasa mtu mwenye nguvu zake akae ndani kama kuku anayeatamia, kisa watu walioshakula chumvi yao wakamaliza gunia?"

Aliyekuwa akisubiri zamu akaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha kazini, kile ambacho kinyozi humpa kila mteja pamoja na poda. Hakukifikiria. Alifikiria ukingo wa nywele za Redio, ambao siku zote ulikuwa na ukaidi upande wa kushoto.

Jioni moja mkewe alikuwa akikusanya nguo za kufua. Akalishika shati lake, akalipeleka kwenye mwanga, akang'oa kitu kwenye kola kwa kucha mbili.

"Hii nini?"

"Unywele."

"Naona ni unywele. Wewe una kipara tangu nikujue. Wa nani?"

Kinyozi akatazama dari.

"Wanawake wenzangu wakikuta unywele kwenye shati la mume wanalia wivu," alisema mkewe. "Mimi natamani ungekuwa na mwanamke. Ningejua pa kuanzia. Unanyoa watu humu ndani?"

"Wachache. Nawajua wote. Wazima, wana nguvu zao. Mke wangu, huu ugonjwa kwa watu kama sisi ni mafua. Unawasumbua wazee tu, na wale ambao tayari…"

Akasikia mwenyewe, akakoma, lakini maneno yalikwisha kuingia chumbani.

Mkewe hakupaza sauti. Aliweka shati chini polepole. "Huyo mzee tu ni baba yangu. Anayekuita mwanangu. Kila siku nasimama ng'ambo ya njia kama mdai, namsalimia mama yangu kwa kupiga kelele, sijamshika mkono hata mara moja, ili nisimpelekee kitu. Na wewe unanipakulia hicho kitu mezani pamoja na chai."

"Sikufikiria hivyo."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Kinyozi aliahidi, na siku kadhaa alitimiza. Watu waligonga uani, akajifanya hayupo. Lakini Redio hakuwa mtu wa kugonga akaondoka. Alisimama nje ya mlango akatangaza: anajua mwenzake yumo ndani, anasikia kiti kinalia, na yeye si mteja, yeye ni ndugu, na ndugu hawekwi kwenye hesabu ya wateja. Kinyozi akamfungulia ili anyamaze. Akamnyoa harakaharaka. Redio alikohoa mara mbili tatu, akasema ni nywele zimemwingia kooni.

Kesho yake mchana mzee akapiga simu, kwa sauti ya kunong'ona kama mwizi.

"Mwanangu. Mama mkwe wako amelala. Njoo kwa mlango wa jikoni."

"Baba, tumekatazwa."

"Nani kakataza? Mimi ndiye mwenye nyumba." Akapumua, kifua kikapiga mluzi. "Masharubu yameniingia mdomoni. Nikinywa uji, nakunywa na masharubu. Ndevu zimefika huku. Jana nimepita mbele ya kioo nikamwamkia mtu. Nikifa leo watanizika wakidhani ni mtu mwingine."

"Usiseme hivyo, baba."

"Basi njoo. Dakika moja tu, tukae kidogo. Sijaongea na mwanamume mwenzangu tangu wafunge."

Hilo la mwisho ndilo lililomwinua kinyozi kitini. Alinawa mikono hadi viwiko, akavaa barakoa safi, akachukua mkoba. Njiani alijieleza mwenyewe mambo mengi: atasimama nyuma yake, watakuwa nje kwenye hewa, atafanya haraka. Kila sababu ilikuwa nzuri, na zote kwa pamoja zilimfikisha mlango wa jikoni.

Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekonda, na ndevu zake kweli zilikuwa pori. Macho yalimng'aa kama mtoto aliyenunuliwa puto. Hawakushikana mikono. Kinyozi alitoa taulo, akamzungushia shingoni, akamgusa bega. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika mkasi wakati mlango ulipofunguka.

Mama mkwe alisimama na ufagio. Alikuwa mpishi wa shule enzi zake, mwanamke aliyewahi kunyamazisha ukumbi wa watoto mia kwa kugonga sufuria mara moja. Sasa hakugonga chochote. Aliuweka ufagio katikati ya wanaume wawili, kama mlinzi wa kivuko cha reli anayeteremsha kizuizi.

"Rudi nyuma, mkwe."

Kinyozi akarudi nyuma.

"Mama, mimi ndiye niliyemwita," mzee akaanza.

"Wewe nitakuja kwako. Huyu kwanza." Akamtazama kinyozi juu ya barakoa yake, na kinyozi akaona kwamba si hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu. "Wewe unamwona Jumamosi kwa Jumamosi, mnacheka, unaondoka. Mimi ninalala naye. Usiku kucha namsikiliza. Pumzi ikiingia, nangoja itoke. Ikichelewa, naweka mkono kifuani. Nimefanya hivyo tangu atoke hospitali. Usije ukanifanya ningoje pumzi isiyotoka, mwanangu. Nakuomba."

Mzee alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Inaelekea hata yeye hakujua kwamba mkewe halali.

Kinyozi akaondoka bila taulo lake. Alikuwa na haya, na kusema kweli alikuwa pia na kinyongo kidogo, kile cha mtu aliyekwenda kufanya wema akafukuzwa kwa ufagio.

Kinyongo kilikwisha aliposikia kwamba Redio anaumwa. Hakuwa mgonjwa wa kujikokota, alilazwa. Jirani alimwambia kupitia ukuta, akaongeza, "Wewe si ulikuwa naye juzi?" Kinyozi akaingia saluni, akafungua chupa ya spiriti, akaileta puani. Spiriti ile ilikuwa kali, wateja hupiga chafya nayo mlangoni. Hakusikia kitu. Akafungua poda, akafungua mafuta ya nywele. Ilikuwa kama kunusa glasi ya maji.

Akafunga mlango wa kati, ule unaotenganisha saluni na vyumba vya ndani, na mkewe aliporudi kazini alimkuta anaongea kutoka upande wa pili.

"Usifungue. Pua yangu imekufa. Redio yuko hospitali. Na nilikwenda kwa baba."

"Lini?"

"Kesho yake. Baada ya kumnyoa Redio."

"Ulimgusa?"

"Nilimwekea taulo. Bega nilimgusa. Mama akanifukuza."

Akasikia mkewe akiteremka taratibu mpaka chini, mgongo wake ukisugua mbao za mlango. Walikaa hivyo, mlango katikati yao.

"Sina nguvu ya kukugombeza leo," alisema mwishowe. "Nitakugombeza ukipona. Kwa hiyo upone."

Alimpigia bosi wake wa tanuri akamweleza, kisha mwenyewe akajifungia upande wake wa nyumba. Jirani aliwawekea mahitaji juu ya ukuta. Kinyozi alilala kwenye sakafu ya saluni, kati ya viti viwili, homa ikimpanda na kushuka. Mwili ulimuuma kama amepigwa. Lakini alichougua zaidi ni kungoja. Kila asubuhi mama mkwe alipiga simu kwa binti yake, na binti aliweka simu kwenye sauti kubwa karibu na mlango ili mumewe asikie.

"Amekula," ilisema sauti ya mama. "Amelalamika chumvi. Nimemwekea sikio kifuani, pumzi ni ileile mbovu ya siku zote. Haijaongezeka ubovu."

Na nyuma yake sauti ya mzee: "Mwambie mkwe nalitumia taulo lake kujifutia. Ni zuri."

Mkwe huyo, mwanamume mzima mwenye kipara, aligeuza uso ukutani akalia bila sauti.

Siku zilipita. Mzee hakuugua. Kama ni ufagio, kama ni hewa ya nje, kama ni Mungu, hakuna aliyeweza kusema. Mama mkwe alikuwa amemsugua kwa sabuni kama mtoto mchanga jioni ile, mzee akilia kwamba anachubuliwa, na yeye aliamini ni sabuni. Homa ya kinyozi ikashuka. Mkewe hakupata hata kikohozi. Siku alipoamka akasikia harufu ya kiatu chake, kinyozi alifurahi kama ameshinda bahati nasibu.

Redio pia alitoka hospitali, akiegemea fimbo. Lakini wakati yeye amelazwa, mama yake aliugua nyumbani peke yake. Mama yule mwenye sauti iliyofika kona ya pili hakuita mtu. Walipomkuta walikuwa wamechelewa. Alizikwa na watu wachache waliovaa glavu, na mwanawe alikuwa bado na mirija puani.

Kinyozi alimpigia simu. Simu ilipokelewa, kisha ikawa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alilazimika kutafuta neno la kumwambia Redio.

"Pole ndugu yangu. Pole sana. Niko hapa."

Kinyozi alisikia saa ya ukutani upande wa pili, nyumba ambayo zamani usingeweza kusikia saa ndani yake.

"Nilisema tu," alisema Redio.

"Watu wanasema mengi, bwana. Usijitese."

"Hapana. Hujanielewa. Nilisema *tu*. Wazee tu. Kwenye kiti chako. Ulinisikia."

"Nilikusikia," alisema kinyozi. "Na nilicheka."

Nani alimpa nani, hakuna atakayejua. Labda ni kiti cha saluni, labda simu aliyoletewa kibandani, labda mstari wa chokaa dukani. Ugonjwa hauachi alama ya kiatu. Kinyozi hakutafuta jibu kwa sababu lolote ambalo lingepatikana lisingemfaa Redio. Alichofanya ni kumpigia kila siku baada ya chai. Siku nyingine waliongea habari za betri, siku nyingine waliacha simu wazi wakakaa kimya kila mtu kwake, mpaka mmoja aseme haya, kesho.

Siku kinyozi aliporuhusiwa kutoka, mkewe alimgombeza kama alivyoahidi. Alianza baada ya chakula akamaliza wakati wa kuwasha taa, hakuacha kitu, na mumewe alisikiliza yote mikono magotini. Kisha alimkumbatia kwa nguvu mpaka akakosa pumzi.

"Sasa," akasema, akijifuta uso, "baba yangu anafanana na fagio. Tunafanyaje?"

Wazo lilitoka kwake. Jumamosi ile walikwenda wote wawili, wakasimama ng'ambo ya njia, mbali kabisa na geti. Mzee alitolewa kibarazani, akaketishwa kwenye kiti cha jikoni, shuka shingoni. Nyuma yake alisimama mama mkwe, ameshika mkasi ambao kinyozi alikuwa ameuchemsha na kuuweka kwenye kikapu.

"Mama, shika kitana mkono wa kushoto!" kinyozi alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Chana kwenda juu. Kinachozidi kitana ndicho ukate."

"Nimepika chakula cha shule nzima," alijibu mama mkwe. "Nitashindwa na kichwa kimoja?"

"Kata kidogokidogo!"

"Kidogokidogo," mzee alirudia, amefumba macho. "Umesikia, mama? Kidogokidogo."

Alikata. Kipande kikubwa cha mvi kilianguka shukani, na kote njiani watu wakasema "Aaah!" Maana majirani walikuwa wameshatoka madirishani na kwenye vibaraza. Mwalimu mstaafu wa ghorofani alisema upande wa kulia umekwenda chini. Mwenye duka alisema hapana, ni wa kushoto. Mtoto mmoja aliuliza kama babu atabaki na sikio.

"Nyamazeni!" alisema mama mkwe, na mtaa mzima ukanyamaza.

Kadiri alivyoendelea mkono wake ulilegea. Aliacha kukata kama anayekatakata kabeji. Alimshika mumewe kidevu, akamgeuza, akampuliza nywele shavuni, akasogea karibu kuona vizuri. Mzee alifumbua macho akamkuta pale, uso kwa uso, mkewe ametoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Akamtazama muda mrefu.

"Unalala siku hizi?" alimuuliza, polepole, lakini kwa ukimya ule kila mtu alisikia.

"Kidogo."

"Leo lala. Nitapumua mwenyewe."

"Tulia, nakufikia masharubu."

Ng'ambo ya njia mwoka mikate alimshika mumewe mkono. Kinyozi alifungua mdomo kutoa maelekezo kuhusu masharubu, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, yanataka mkasi wa ncha na subira. Hakuwahi. Mkasi ulisema *kacha*, na ncha yote ya kulia ikaanguka.

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni.

"Nipe kioo," alisema mzee.

Akapewa. Akajitazama, upande mmoja ncha imeelekea juu kwa fahari, upande wa pili uwanja mtupu. Mabega yakaanza kumtikisika. Mkewe aliinama kwa hofu akidhani ni kifua, lakini mzee alikuwa anacheka, kicheko chenye mluzi na kikohozi, akimwonyesha kwa kidole sura yake kiooni, akashindwa kusema. Naye mama mkwe akaanza. Walicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi.

"Ondoa yote," mzee alisema alipopata pumzi. "Yote. Nimechoka kuyalisha uji."

Akayaondoa. Alitokea mwanamume mwingine, mwenye mdomo laini wa juu ambao binti yake hakuwahi kuuona tangu azaliwe. Mama mkwe alipitisha kidole pale, mara moja, mbele ya watu wote, na mwalimu mstaafu akageukia maua yake kwa adabu.

Masharti yalilegezwa baadaye, kidogokidogo. Kinyozi alihamishia kiti kimoja uani, chini ya turubai, akanyoa mtu mmoja mmoja, barakoa usoni, na asubuhi ya mapema akaiacha kwa ajili ya wazee na wagonjwa, kiti kikiwa bado hakijakaliwa na mtu. Wapo wateja waliomcheka na wengine walihama. Hakubishana nao sana. Redio alikuja na fimbo yake, akakaa, na kwa kuwa yeye hakuongea, kinyozi aliongea: ukaidi wa nywele za kushoto, mvua, betri, chochote. Mara ya tatu au ya nne Redio alisema, "Hapo umekosea, betri ile haitengenezwi hivyo," akaeleza kwa nini, kwa kirefu. Kinyozi alifunga mdomo akaendelea kunyoa, akimwomba Mungu maelezo yasiishe.

Na Jumamosi ya kwanza aliporuhusiwa kuvuka geti, alichukua mkoba wake, akapita sokoni kununua machungwa, akafika kwa wakwe. Alimkuta mzee tayari ameketi, shuka shingoni, mama mkwe nyuma yake na mkasi.

"Umechelewa, mwanangu," alisema mama mkwe bila kugeuka. "Mteja amehama."

"Lakini mama, upande huo…"

"Kaa chini umenye machungwa."

Kinyozi akamtazama baba mkwe wake akitafuta msaada. Mzee Filimbi alikuwa ameinamisha kichwa kwa utii, macho nusu yamefumba, akasema tu, "Lenye mbegu chache nipe mimi."